Ghala la Picha Likijaa



Mama aliyeweka mahindi ghalani hangoji njaa ndipo afungue kihenge. Huingiza mkono mara kwa mara, akaangalia yamepungua kiasi gani, yamepata unyevu au la, na kama yule dumuzi ambaye wakulima walimpa jina la Scania hajaingia. Lakini siku hizi wengi wetu, hapa Mbeya na kule Iringa, tuna ghala jingine ambalo hatujawahi kulichungulia. Ni ghala la mtandaoni, ambamo picha za simu hujihifadhi zenyewe. Wataalamu huliita wingu, ingawa halipo angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta katika nchi za mbali.

Mwaka 2023 mama yangu mzazi alitoka Tukuyu kwenda Iringa kwa matibabu, akakaa kwa wifi yangu, mke wa kaka, pale Kihesa. Wifi alimpiga picha nyingi: bibi akimenya maharage na wajukuu, bibi akiwafundisha kusali kabla ya kulala. Mwezi wa tisa mama akatutoka. Wiki chache baada ya maziko, simu ya wifi ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa kabisa. Hakuhangaika sana, kwa kuwa aliamini picha zote ziko mtandaoni. Akanunua simu nyingine, akaandika neno la siri, na kweli picha zikaanza kushuka: ubatizo wa mdogo, mahafali ya mkubwa, harusi ya Mafinga. Zikafika mwezi wa tatu, zikakoma. Akanipigia usiku huo huo. "Wifi," akasema, "mama hayumo humu."

Ghala lilikuwa limejaa tangu mwezi wa tatu. Ilani ilikuja kwenye simu, naye akawa anaifuta kila inapotokea, kama tunavyofuta matangazo ya bando.

Tuelewe basi jinsi ghala hili linavyofanya kazi. Simu nyingi tunazotumia hutegemea akaunti ya Google, nayo hutoa bure nafasi ya GB 15. Nafasi hiyo ni moja kwa vyote: picha, barua pepe na majalada mengine. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 kila picha mpya inayoingia inakula nafasi. Nakala za mazungumzo ya WhatsApp nazo sasa zinahesabiwa humo humo kwa simu za Android. Wenye simu za Apple hupewa GB 5 tu. Nafaka ya Yusufu kule Misri ilizidi hata wakashindwa kuipima. Yetu inapimika, tena upesi sana ukiwa mwanakwaya unayepokea video za mazoezi kila siku!

Likishajaa, picha mpya haziingii. Kibaya zaidi, barua pepe nazo hukataliwa, hazifiki. Mama ambaye mwanawe ameomba chuo kwa kutumia anwani yake, hili alishike sana. Na akaunti ikikaa imezidi kipimo kwa miaka 2, Google wanaweza kufuta vilivyomo.

Kuangalia ni kazi ya dakika mbili. Fungua programu ya Google Photos, gusa alama ya akaunti yako pale juu kulia, utaona nafasi iliyotumika na iliyobaki. Hapo hapo simu itakueleza kama picha zote zimehifadhiwa au ziko zinazongoja. Hizo zinazongoja ndizo za kuuliza. Kwa kawaida programu hii husubiri waifai ndipo ipakie picha, na nyumba nyingi za kwetu hazina waifai. Kwa hiyo waweza kuwa na nafasi tele, na bado hakuna picha hata moja iliyopanda. Ingia kwenye mipangilio uiruhusu kutumia bando, ukiiwekea kiasi cha siku ili isimalize la nyumba nzima.

Wakati mwingine kosa si lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania nzima. Siku za namna hiyo ni kungoja tu, kisha ukaangalie tena kama zilizokwama zimepanda.

Ukitaka kupunguza, anza na video, maana moja inaweza kula nafasi ya picha mamia. Lakini hapa nawasihi mwende polepole. Picha iliyokwisha kuhifadhiwa, ukiifuta ndani ya programu hiyo, inafutika kwenye simu na mtandaoni pia. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, na humo bado inahesabiwa, kisha inapotea moja kwa moja. Kama shida yako ni simu iliyojaa, iko sehemu ya kuongeza nafasi ambayo huondoa za kwenye simu tu na kuacha za mtandaoni. Usibonyeze kwa haraka huku ugali uko jikoni.

Waweza pia kununua nafasi zaidi kwa malipo ya mwezi. Kama fedha ni ya ngama, nunua flashi, mwombe kijana wa stationery akuhamishie, uitunze kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Mimi hufanya ukaguzi wangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kufua. Wifi naye sasa hunikumbusha. Katika picha zote za mama za miezi ile imebaki moja, kwa sababu alinitumia kwa WhatsApp siku aliyoipiga: mama ameketi kwenye mkeka, kitenge mabegani, ungo wa maharage mapajani. Niliisafisha studio pale Mwanjelwa, nakala tatu.