Miche Iliyokauka

Juma hili nataka kulijibu swali la mama mmoja wa Bihambwe, kule Masisi. Yeye na wenzake wa likirimba moja walipewa fedha kidogo na shirika fulani la msaada, wapate kuotesha miche na kuipanda katika miteremko inayomong'onyoka. Wakanunua mbegu, vifuko na ndoo. Kiangazi kilipofika kijito kikapungua maji, na zaidi ya nusu ya miche ikakauka. Sasa mwaka wa msaada umekwisha, na taarifa yatakiwa. Baadhi ya wenzake wanashauri iandikwe kwamba miche yote i hai, kwa maana mgeni wa kutoka Goma hatapanda mlima kuihesabu. Mama auliza: Tukisema kweli, nani atatupa tena?

Mama mpenzi, swali lako si la aibu. Yafaa kwanza tutazame hesabu ya miaka. Aliyepita Bihambwe ajua vilima vile, malisho ya ng'ombe na mashamba hadi kileleni, na miti haba. Ajua pia kwamba watu wa Goma hupika kwa makala, na makala mengi yametoka katika msitu wa Virunga. Ndiyo sababu tangu mwaka 2007 shirika la WWF, katika kazi iitwayo EcoMakala, limewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini, kwa mikono ya vyama vidogo vya huko huko, kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe. Lakini mkaratusi hautoi makala mema kabla ya miaka mitano, sita au saba. Basi msaada ni wa mwaka mmoja, na mti ni wa miaka saba! Kosa hilo, mama, hamkulifanya ninyi.

Sasa nikupeleke Nairobi. Tarehe 5 Juni 1977, katika uwanja wa Kamukunji, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba kwa heshima kubwa, watu wakitazama. Ni miwili tu iliyopona. Mitano ilikufa, nayo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa lile Shirika la Ukanda wa Kijani ambalo dunia nzima imelisikia. Kama wangeandika kwamba saba i hai, wasingejifunza neno.

Nao walijifunza. Ilionekana kwamba mti usio na mwenyewe hufa, basi kazi ikatolewa kwa akina mama wa vijijini, ambao wengi hawakuwa na elimu ya misitu hata kidogo. Kila mche ulioota na kushika ardhini, mama aliyeuotesha alilipwa kiasi kama senti 4 za dola ya Marekani. Tazameni vema: si mche uliopandwa, bali mche uliopona. Senti 4 ni kidogo mno, lakini zilimfanya mtu arudi kuutazama mche wake baada ya wageni kwenda zao. Mwaka 1981 mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake uliwapa dola 122,700, na Chama cha Misitu cha Norwe kikashirikiana nao. Fedha hiyo haikujenga jumba. Nyingi iligawanyika ikawa hizo senti mikononi mwa akina mama. Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Hesabuni miaka tangu 1977: ni ishirini na saba.

Mtasema, Kenya ni mbali, nao hawakukimbizwa na vita kama sisi. Naam, ni kweli, na vita vilivyozidi tena katika Masisi tangu mwaka 2023 vimewatoa wengi katika mashamba yao, na hakuna mche unaojimwagilia maji. Basi tuje karibu, ng'ambo ya ziwa. John Kahekwa alikuwa kiongozi wa watalii katika Mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwaka 1992 alianzisha chama akakiita Polepole, na fulana zenye picha ya sokwe, zilizouzwa kwa watalii, zilisaidia kukiendesha. Vita vilipita juu ya chama hicho zaidi ya mara moja. Hata hivyo kiliendelea kuotesha miche na kuwafundisha wawindaji wa zamani kuchonga vinyago, kikipokea misaada midogo kutoka kwa rafiki mbalimbali wa ng'ambo. Mwaka 2021 kilikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Earthshot ya Uingereza. Jina lake silo la mzaha.

Neno moja kwa wenye kutoa. Umoja wa Mataifa una mpango wa misaada midogo ya mazingira tangu mwaka 1992, na kwa miaka mingi msaada mmoja uliweza kufika dola 50,000. Huko New York hiyo huitwa ndogo. Kwa likirimba la Bihambwe ni mlima. Ningependa zaidi chama kama hiki kipewe sehemu ya kumi ya hiyo, kisha kipewe tena mwaka wa pili na wa tatu, kila mara baada ya miche kuhesabiwa shambani na mtu aliyepanda mlima kwa miguu yake.

Nawe, mama, andika kweli. Andika miche mingapi iliota, mingapi ilikufa, mwezi gani, na kijito kilikuwa wapi. Usiombe mbegu tena. Omba pipa la maji na chandarua cha kivuli, maana hapo ndipo mliposhindwa. Miche iliyobaki igawanyeni, kila mama na yake, na jina lake katika daftari. Yule mwenzenu anayetaka kudanganya msimfukuze, mpeni yeye kazi ya kuhesabu. Kisha ipandeni mvua za Septemba zikianza, na taarifa iende Goma kabla ya hapo, hata kama haijaombwa mara ya pili.