Kiti cha Plastiki na Sijida: Mama Yetu Mkubwa Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Wiki hii tunaingia katika jambo la nyumbani kwetu. Mwenyewe ametupa idhini, naye ni mama yetu mkubwa, dada wa mama yetu mzazi, aliyetulea hapa Babati tangu tulipokuwa tukipelekwa madrasa kwa kushikwa mkono. Alituambia: "Mwanangu, andika, ila jina langu usilitaje. Huenda mwenzangu akafaidika." Nasi twaandika kwa nia hiyo.

Kwa muda wa miaka saba mama mkubwa aliswali akiwa juu ya kiti cha plastiki, katika pembe ya sehemu ya wanawake. Magoti yalikwisha kukataa. Alikuwa na umri wa miaka 61, uzito wa kilo 118 na urefu wa sentimita 158. Ukigawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha ukagawanya tena kwa urefu uleule, unapata 47. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 30 kuwa ni unene wa kupindukia, ambao wataalamu wetu wa afya huuita kiribatumbo. Juu ya hayo alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na usiku pumzi ilimkatika usingizini hata binti yake akawa analala macho akimsikiliza.

Pamoja na hayo yote, hakuna aliyemwona kuwa ni mgonjwa. Sisi watu wa huku tunauheshimu mwili. Mtu mzima akinenepa tunasema mambo yake yamemnyookea, wanawe wanamtunza. Katika walima na katika khitma, sahani yake ndiyo iliyojazwa kwanza, wali wa Magugu na nyama juu yake, na akikataa mwenye nyumba hununa. Akishindwa kupanda bajaji mpaka asukumwe, watoto hucheka, naye hucheka pamoja nao. Baadaye alitueleza kwamba kicheko kile alikuwa akikitoa ili asilie.

Daktari aliyemhudumia alipomshauri kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, familia ilileta ombi la mchango mbele ya kamati ya msikiti. Hapa ndipo tunapopaswa kukiri. Katika kikao kile yalisemwa maneno matatu. La kwanza, kwamba huo ni urembo, na mali ya waumini haitumiki kwa urembo. La pili, kwamba mzee amekwisha kuwa mzee, aachwe apumzike. La tatu, kwamba afunge Jumatatu na Alhamisi na apunguze chakula, basi. Hilo la tatu tulilisema sisi wenyewe, mtoto wa dada yake, mhitimu wa chuo cha dini. Muhtasari wa kikao kile tuliuandika kwa mkono wetu, na leo tunaona haya kuusoma.

Tulirudi nyumbani tukamkuta amekaa barazani. Hakutugombeza. Alisema tu: "Mwanangu, mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi tangu hujazaliwa." Usiku ule hatukulala vizuri, na asubuhi tukaanza kuuliza na kusoma, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kusema.

Kuhusu urembo, tulikuta kwamba wanavyuoni wamekwisha kulizungumza. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitoa azimio namba 173 juu ya upasuaji wa urembo. Humo liliruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitabibu zilizothibitika, upasuaji ukiwamo, pale ambapo uzito umekuwa ni ugonjwa na hapana njia nyingine isipokuwa upasuaji, kwa sharti la kuwa salama na madhara. Basi kinachoangaliwa ni maradhi na dharura yake, wala si sura ya mtu.

Kuhusu uzee, tulirejea Hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha kutafuta dawa, akaeleza kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Sisi kikaoni tulikuwa tumeigeuza maana. Uzee hauna dawa, lakini maradhi ya mzee yanayo, na aliyeamrishwa kujitibu hakuwekewa kikomo cha miaka. Madaktari nao wanasema karibu na hivyo. Miongozo ya kimataifa ya wapasuaji wa fani hii iliyotolewa mwaka 2022 haikuweka umri wa juu wa kumzuia mtu. Husisitiza apimwe moyo, mapafu, nguvu za misuli na maradhi mengine, kwa kuwa kwa watu wazima hatari ya upasuaji huongezeka na uzito unaopungua huwa ni mdogo kidogo kuliko wa vijana.

Na kuhusu kufunga na kupunguza chakula, hilo ni jema, na ndiyo njia ya kwanza kwa kila mmoja wetu. Surat al-A'raf, aya ya 31, inatukataza israfu katika kula na kunywa, na Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) inatufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Lakini mwili uliokwisha kufika mbali katika unene huupigania uzito wake. Mtu akipunguza chakula, homoni za njaa hupanda na matumizi ya nguvu mwilini hushuka, na kilo zilizotoka hurudi polepole. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba hana subira ni kumdhulumu.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza mwaka 1966 njia ya kufupisha safari ya chakula tumboni. Unaofanywa zaidi siku hizi ni ule wa kuondoa kiasi cha robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki bomba jembamba. Kwa kufanya hivyo chakula kinachoingia hupungua, na homoni ya njaa, ambayo hutengenezwa zaidi katika sehemu inayoondolewa, hupungua pia. Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiweka puto tumboni kwa watu wenye uzito mkubwa. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa kupitia mdomoni, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa. Asiyebadili mwenendo wa kula, puto likitoka uzito hurudi.

Familia iliuza ng'ombe wawili, kamati ikakaa tena na kuchanga, na mama mkubwa akasafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam. Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na alhamdulillahi alirudi salama.

Sasa tuseme ya baada, maana wengi hudhani mtu hutoka hospitali akiwa mwembamba na mambo yameisha. Wiki mbili za mwanzo alikunywa vitu vyepesi tu, funda kwa funda. Kisha vikaja vilivyopondwa, kisha vilaini. Sahani yake ikawa kisosi. Alifundishwa aanze na yai, samaki au maharage kabla ya ugali, atafune sana, na asinywe maji pamoja na chakula. Akizidisha vijiko viwili, hutapika. Nywele zilipukutika miezi kadhaa kisha zikaota tena. Ngozi ya mikono ililegea ikaning'inia. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yake yote, na damu hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa mwili wenye tumbo dogo haufyonzi vitamini B12 na madini ya chuma kama awali. Dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi hununua dukani kama pipi, alionywa asizitumie kiholela, kwani huweza kumletea vidonda vya tumbo. Dozi za kisukari daktari alizipunguza mapema, naye hakuthubutu kuzipunguza mwenyewe.

Mambo mawili yalimuumiza kuliko kisu. La kwanza ni maneno ya watu. Kilo zilipoanza kushuka, wale waliokuwa wakimsifu walianza kunong'ona sokoni kwamba mama yule ana maradhi, mnamwona anavyokwisha. Wapo waliomtaja kwa ugonjwa ambao hana. Ndugu zangu, huu ni usengenyaji na uzushi, na mwenye kuueneza atauulizwa.

La pili ni Ramadhani. Daktari alimkataza kufunga mwaka ule wa kwanza, kwa kuwa maji aliyoweza kunywa kwa siku yalikuwa ya funda funda, na kiu ingemdhuru. Alilia. Tukamkumbusha kwamba Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa, na kwamba mwenye kutarajia kupona hulipa siku zake baadaye, na asiyetarajia kupona hutoa fidya. Mwaka uliofuata, kwa ushauri wa daktari, alifunga, akigawa maji yake kidogo kidogo tangu Magharibi hadi Alfajiri. Siku aliyohisi kizunguzungu alifungua, na hakujilaumu.

Leo imepita miaka miwili. Ana kilo 84. Bado si mwembamba, na goti la kushoto halikupona, kwa kuwa gegedu iliyokwisha kulika hairudi kwa kupungua uzito. Lakini usiku analala, na binti yake analala. Anakwenda kwa miguu hadi sokoni. Na Ijumaa moja baada ya swala, wanawake walitutumia habari kwamba mama mkubwa ameweka kipaji cha uso chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, na alikawia katika sijida ile mpaka wakahofu. Kiti hakikuondolewa. Siku goti likiuma, anakaa juu yake, na swala yake ni kamili.

Tunawausia wasomaji wetu kwa machache. Mwenye mzazi mnene asimcheke wala asimjazie sahani kwa kumheshimu. Apimwe sukari na presha mapema, kabla haujafika wakati wa kisu. Anayeshauriwa kufanyiwa upasuaji aulize ni nani atakayemfuatilia baadaye, na familia ihesabu gharama za vidonge na vipimo vya miaka inayokuja, si nauli na kitanda peke yake. Na kamati za misikiti, kabla ya kumhukumu mwenye shida, zimuulize mjuzi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe yale tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.