Takwa si Gofu

Vitabu vya safari vinapoitaja Takwa, kisiwani Manda, huiita magofu, na wenyeji nao wamelikariri neno hilo pasi na kulitafakari. Kuta za nyumba zake ni gofu, hapana ubishi: paa zimeanguka na mibuyu imetamalaki. Lakini nje ya ukuta wa mji limesimama kaburi la nguzo lenye maandishi ya Kiarabu ya karne ya 17, nalo halistahili jina hilo. Gofu ni nyumba iliyokosa mwenyewe. Kaburi hili wenyewe wapo.

Mji ulistawi baina ya miaka ya 1500 na 1700 hivi, kisha ukahamwa. Hutajwa, miongoni mwa sababu, maji ya visima kuingia chumvi. Watu wake walivuka mkondo wakakaa Shela, upande wa Lamu. Walichukua walichoweza, wafu hawachukuliki. Hivyo watu wa Shela huvuka kurudi, mara mbili kwa mwaka, kuwazuru wazee wao na kumwomba Mungu mvua. Nani aendaye gofuni kuomba mvua?

Kosa hili lina ukoo wake. James Kirkman, aliyechimba Takwa mwaka 1951, alikipa kitabu chake cha mwaka 1954 jina la *The Arab City of Gedi*, yaani mji wa Waarabu. Ndivyo wataalamu wa zama zile walivyoamini: miji ni ya wageni, Mswahili ni mpangaji. (Hata leo wapo Waswahili wanaojivunia upangaji huo.) Makaburi yenyewe yanakanusha. Nguzo za namna hii zimetapakaa mwambao kutoka Somalia hadi Tanzania, na Uarabuni haujulikani mfano wake. Naye Mark Horton, alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, alikuta mji uliokua kutoka kijiji cha wenyeji, misikiti ya miti ikiitangulia ya mawe.

Serikali ya Kenya iliitangaza Takwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1982, na hilo ni jema. Ila mwenye kaburi asigeuzwe mgeni mlangoni pake. Katika visiwa hivi, ambako watu wamekaa ardhini vizazi na vizazi bila hati, mava ndiyo shahidi asiyehongeka. Popote Takwa itakapoandikwa kwa Kiswahili, na iandikwe hivi: mji wa kale, na maziara ya waasisi wa Shela.