Elfu mbili za Inua Jamii na karatasi ya mahakama

Mtu mwenye ulemavu mkubwa aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi pesa hizo huchelewa, na zikifika huwa zishakopewa: unga wa dukani, dawa, nauli ya hospitali. Kumwambia mtu huyu kwamba dawa ya deni ni kulipa hakumsaidii. Dawa anaijua, hana cha kuinunulia.

Tangu 2021 kushtaki kumekuwa rahisi zaidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Nairobi na baadaye ikafika Mombasa, husikiza kesi za hadi shilingi milioni 1 na hutakiwa izimalize kwa siku 60. Kwa mwenye duka au kikundi cha kukopeshana hilo ni jema, wala mdai hana kosa kudai chake. Anayeumia na kasi hiyo ni mdaiwa anayenyamaza.

Na wengi hunyamaza. Karatasi huletwa nyumbani ikafichwa chini ya godoro, kwa aibu, au kwa kuwa imeandikwa Kiingereza na mtoto wa kuisoma yuko shule. Siku za kujibu zikipita, hukumu hutolewa bila ya yeye kusikizwa. Anayebisha hodi baada ya hapo ni dalali.

Hapo watu huchukuliwa hata vitu ambavyo sheria imekataza visiguswe. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinalinda kitanda na matandiko, vyombo vya kupikia, nguo za lazima na zana za kazi. Cherehani ya fundi anayeshona akiwa juu ya kiti cha magurudumu ni zana ya kazi. Dalali naye, akishaorodhesha mali, ni lazima atoe notisi ya siku 7 kabla ya kuibeba.

Kitisho kikubwa ni jela. Lakini kifungu cha 38 kinataka mdaiwa apewe kwanza nafasi ya kujieleza, na mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba ana uwezo na anakataa kulipa, au anaficha mali. Uwezo gani huo wa shilingi 2,000? Ila hilo ni lazima aende akaliseme mwenyewe.

Basi jibu karatasi. Nenda na kadi ya usajili wa ulemavu, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zatoka wapi, na hesabu ya matumizi ya mwezi. Deni likiwa la kweli, kiri uombe kulipa kidogo kidogo. Mahakama yaweza kukubali. Hesabu ikiwa imeongezwa, kataa. Wakili si lazima, na kiziwi ana haki ya lugha ya ishara chini ya Kifungu cha 54 cha Katiba.

Limebaki pengo ambalo wabunge wetu wa Pwani wanafaa kulitazama. Mdai aliyeshinda aweza kuomba amri ya kuchukua pesa za mdaiwa zilizo benki. Kitanda kimetajwa kwa jina katika kifungu cha 44; pesa za Inua Jamii hazikutajwa. Kuongeza mstari mmoja pale hakuhitaji bajeti.