Kidole Gumba Kina Mbio Kuliko Nyumbu

 

Leo sitahubiri juu ya saa unazopoteza kwenye simu. Hayo umeyasikia. Nataka nikuulize jambo moja. Wewe ni mtu wa akili. Ukipeleka majani chai kwenye kituo unasimama karibu na mizani, na karani akikosea hata nusu kilo unambana mpaka arudie. Kwa nini basi ujumbe ukiingia kwenye WhatsApp hauupimi? Unausoma, moyo unapiga, na kabla kikombe hakijapoa umeshautuma kwa makundi manne.

Fungua 2 Samweli 13, anza mstari wa 30. Absalomu amewaalika ndugu zake wote kwenye kukata manyoya ya kondoo kule Baal-hasori, na watumishi wake wamemwua Amnoni. Mmoja tu. Wana wengine wa mfalme wakapanda nyumbu wakakimbia. Wakiwa bado njiani, habari ikawatangulia kwa Daudi: wana wote wa mfalme wameuawa, hakuna aliyesalia. Mfalme akararua mavazi yake akalala chini. Watumishi nao wakararua ya kwao.

Ona hapo, mpendwa. Daudi hakuuliza, "Nani amesema? Amewaona?" Na huyu ndiye Daudi aliyemwuliza Bwana mara mbili kabla ya kwenda Keila. Kilichompata ni kwamba habari ile ilifanana na hofu aliyokuwa nayo tayari. Nyumba ile ilikuwa imekaa na chuki miaka miwili, kila mtu akijua na hakuna anayesema. Tena kulikuwa na maiti ya kweli ndani ya habari hiyo. Uongo mtupu hauendi mbali. Ule wenye kipande cha ukweli ndani yake ndio unaovuka vilima. Ilibidi Yonadabu aseme kwamba aliyekufa ni Amnoni peke yake. (Huyu Yonadabu ana mambo yake, tutamfikia siku nyingine.)

Sasa turudi kwa simu yako. Zamani neno lilikuja na uso. Mtu akikuambia jambo sokoni, ulimjua: huyu huongeza chumvi, yule hasemi ovyo. Leo ujumbe unakuja kwa namba ya mama yako, lakini mama hakuuandika. Aliupata kwa grupu ya chama, na huko uliletwa na mtu aliyeutoa kwa grupu nyingine. Wewe unaona jina "Mama" juu ya skrini na moyo unalegea. Imani uliyo nayo kwake unampa mtu usiyemjua kabisa. Ujumbe umepanda mgongoni mwa mtu unayempenda, na hata nauli haujalipa.

Halafu kuna kurudiwa. Mwaka 1977 watafiti Wamarekani, Lynn Hasher na wenzake, waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vyenye wiki mbili kati yao. Zile zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kila kikao, ziwe kweli ziwe uongo. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba hata anayelijua jibu sahihi hayuko salama. Sikio likizoea, akili inasema "hili nalijua", na kulijua inakugeuza kuwa ni kweli. Kwa hiyo mtu anaponiambia, "Pasta, lakini nimeliona kwa makundi matano!", amenieleza tu jinsi alivyoaminishwa. Ushahidi bado hajaleta.

Wengi wetu hatutumi kwa ubaya. Tunatuma kwa sababu ni rahisi. Aprili 2020, wakati wa korona, WhatsApp waliweka sheria kwamba ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliopita mikono mingi, uende kwa mtu mmoja au kikundi kimoja kwa wakati mmoja. Hawakumzuia mtu, walimwongezea kazi kidogo tu ya kidole. Baadaye kampuni yenyewe ikasema jumbe za namna hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Fikiri. Asilimia 70 hazikuwa na thamani ya kubonyeza mara ya pili!

Ukiona mimi ni mkali, kuna sababu. Si muda mrefu uliopita sauti ilizunguka kwenye makundi yetu hapa, ikilia kwamba kuna gari jeupe linaloiba watoto. Haikuwa na jina wala tarehe, na hakuna mzazi aliyetajwa. Siku iliyofuata kijana mmoja anayeuza sufuria akizunguka na gari lake, jeupe kama maelfu ya mengine, alizingirwa barabarani na watu wenye mawe. Alimwokoa mzee mmoja aliyekuwa amenunua sufuria kwake wiki iliyotangulia na kuijua sura yake. Ingekuwaje kama mzee yule angekuwa shambani?

Na sisi wa Kericho hatuhitaji mgeni atufundishe hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 hakukuwa na WhatsApp, lakini jumbe fupi zilibeba chuki kutoka nyumba hadi nyumba. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Sondu, mpakani na ndugu zetu wa Kisumu, watu waliuawa tena mwaka 2023. Sisemi simu ndiyo iliyowasha moto ule. Nasema moto ukiwaka, usiwe wewe unayepita na jerikani. Na Agosti 2027 si mbali.

Tufanyeje? Soma Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yamejenga madhabahu kubwa. Israeli wakasikia, wakakusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kabla ya upanga walimtuma Finehasi na wakuu kumi, wavuke mto waende kuuliza. Wakajibiwa kwamba madhabahu ile haikuwa ya sadaka, ilikuwa ushahidi kati yao. Vita vikaishia hapo. Kuvuka Yordani kulikuwa safari. Wewe kupiga simu ni shilingi chache tu. Mpigie aliyekutumia: "Umeona mwenyewe?" Kama hajaona, neno hilo limefika mwisho wake kwako.

Na nyinyi vijana wa chuo, shosho akituma uongo msimwaibishe mbele ya kikundi kizima. Mpigie pembeni, kwa heshima, kisha mwombe aandike mwenyewe kwenye kikundi kilekile kwamba habari ile haikuwa ya kweli. Atasikilizwa kuliko wewe.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakaa na maadmini wa makundi yote ya kanisa: akina mama, wazee, vijana na kwaya. Tutapitia pamoja yaliyotumwa mwezi huu. Njooni na simu zenu, zikiwa na chaji.