Choo Kabla ya Jipsamu

Neno la leo ni Mwanzo 6:14-21. Chukua Biblia yako, soma polepole, halafu urudi hapa.

Umeona? Mungu alimpa Nuhu vipimo. Urefu dhiraa 300, upana 50, kwenda juu 30. Vyumba ndani, mlango ubavuni, orofa tatu, lami ndani na nje. Kisha chakula, cha watu na cha wanyama. Haya yote kabla tone moja halijaanguka. Miaka mingi umehubiriwa imani ya Nuhu. Leo nataka tumzungumzie Nuhu fundi.

Mnajua tunachangia ukumbi mpya. Nimesoma maoni yenu kwenye grupu: jipsamu, taa za rangi, spika mpya, tailsi za madhabahu. Sikatai, Mungu wetu anastahili uzuri. Lakini msimamo wangu nausema wazi, na najua wengine mtanuna: ukumbi huu ujengwe kwanza uwe mahali pa kukimbilia siku ya maafa. Jipsamu itangoja.

Sisi wa Mghange hatuhitaji kufundishwa mvua ni nini. Tunaishi mlimani, tumechonga miteremko tupate pa kuweka nyumba, na mvua za Machi hadi Mei zikizidi, udongo unalowa mpaka unakuwa uji. Barabara nayo inakatika. Maji yanayotupita sisi ndiyo yanayowafuata ndugu zetu wa Voi kule chini. Ukikumbuka El Nino ya 1997, unajua ninachosema. Na mwaka wa 2024 Kenya ilizika watu zaidi ya 200 kwa mafuriko na maporomoko.

Mwaka huo huo shule zilipaswa kufunguliwa tarehe 29 Aprili. Zikasogezwa hadi 6 Mei, zikasogezwa tena, zikafunguliwa 13 Mei. Baadhi zilikuwa zimejaa maji, nyingine zimejaa watu waliopoteza makao. Ukimlaza mama darasani, mtoto wa mwenzake asome wapi? Sasa angalia kanisa letu. Jumatatu hadi Ijumaa limefungwa kwa kufuli.

Tena watu watakuja, tukiwa tayari au tusiwe tayari. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbia ghasia za uchaguzi walijificha ndani ya kanisa la KAG. Likateketezwa wakiwa ndani, na wengi waliokufa walikuwa kina mama na watoto. Sitaji hili kuamsha kidonda. Nataka ujue kwamba hatari ikija, watu hukimbilia kanisani bila kuuliza kama jengo liko tayari. Jengo letu la sasa lina mlango mmoja, na unafungukia ndani. Umati ukiusukuma kutoka ndani, hautafunguka. Ukumbi mpya uwe na milango mitatu, yote ifungukie nje.

Hebu tupige hesabu. Ukumbi tunaoupanga ni mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200. Jumapili tutaketi watu zaidi ya 200 bila shida. Lakini viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia, vinataka kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kulala na kuweka vitu vyake. Gawanya: ni watu 57 tu! Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 855. Tangi la lita 10,000 litawafikisha siku 11. Na paa hilo hilo, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linashusha karibu lita 2,000. Leo maji hayo yanamomonyoa ukuta wetu kwa sababu hatuna gata.

Vyoo: kimoja kwa watu 20. Tunahitaji vitatu, na vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, viwe na taa na komeo la ndani. Usicheke. Bangladesh walipoteza watu zaidi ya 300,000 kwa kimbunga cha 1970, wakaanza kujenga majengo ya kukimbilia. Kimbunga cha 1991 kiliua tena karibu 140,000, na moja ya sababu ni kwamba wanawake wengi waliogopa kwenda kubanana na wanaume mahali pasipo na faragha wala choo. Wakaendelea kujenga, majengo mengi yakiwa shule siku za kawaida. Kimbunga cha 2007 kiliua kama 3,400. Bado ni wengi, lakini linganisha.

Na zizi. Mzee wa hapa hataacha ng'ombe wake wawili afe navyo wewe ukimwita kwa kipaza sauti. Nuhu aliambiwa mapema.

Pastor, hiyo si kazi ya serikali? Ni kazi yao, na tuwadai. Lakini barabara ikikatika usiku, usiku huo wa kwanza ni wetu.

Sasa neno gumu. Kiwanja chetu kiko chini ya mteremko uliochongwa, na mwaka jana nyufa zimeonekana juu yake. Kabla ya msingi, naomba kaunti ituletee mtaalamu wa miamba na udongo. Akisema hapafai, hatujengi hapo, hata kama mawe tumeshanunua. Na kama ndugu zetu wa dhehebu jingine wana tambarare salama, mimi niko tayari tupeleke mchango wetu kwao, wajenge wao, nasi tukimbilie kwao. Mtu ameniuliza, je, jina letu litaandikwa ukutani? Sijui. Katika Kumbukumbu la Torati 19:3 Israeli waliambiwa watengeneze njia za kufika miji ya makimbilio. Jina la aliyetengeneza njia halijaandikwa.

Jumamosi saa nane mchana kamati inapima kiwanja. Kina mama, nawahitaji kuliko wazee, mtuonyeshe choo kikae wapi. Mwenye tepu ya mita 30 aje nayo.

Mbarikiwe.