Msisubiri Mtoto Atoke Nasari

Hapa Bahati mtoto akizaliwa baada ya kutimiza miezi yake, hakuna anayehitaji kuhimizwa. Wanawake hufunga safari na thamosi ya uji wa wimbi, njahi kwenye sufuria, unga, sabuni na leso. Lakini akizaliwa kabla ya wakati, akakimbizwa hospitalini Nakuru na kuwekwa nasari, yaani wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, mtaa mzima hunyamaza. "Tungoje tuone," watu huambiana. Tungoje tuone nini? Maneno hayo yana maana moja tu, na mama yule anaijua: tungoje tuone kama ataishi.

Nimeshika kalamu kuyapinga maneno hayo, wala sitayapinga kwa upole.

Kwanza tuondoe uzushi. Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hiyo wapatao milioni 13.4 duniani, karibu mmoja kwa kila 10. Basi itakuwaje iwe laana ya boma fulani? Huenda mama alikuwa na shinikizo la damu, au maambukizi, au mimba ya mapacha. Na mara nyingi hata daktari haoni sababu. Lakini waulize wanaoshinda kwenye steji ya boda boda, watakwambia bila kusita kwamba alibeba gunia la viazi. Tena wapo wazee wenzangu wanaoshikilia kwamba wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Hesabu ya wapi hiyo? Kila wiki anayokaa tumboni humzidishia mtoto nguvu za mapafu, na wa minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Nimesikia ikisemwa mbele ya mama mwenyewe, nikaona haya kwa niaba ya msemaji.

Sasa itazameni kazi ya mama huyo. Mtoto ambaye hajafika wiki 34 kwa kawaida hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu bila kupaliwa. Hulishwa kwa mrija mwembamba unaoshuka hadi tumboni, matone kwa matone. Mama hukamua maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, mara nane kwa siku, na pengine kidonda cha upasuaji bado kibichi. Kisha yeye huruhusiwa kutoka, mtoto abaki. Hapo atafute pa kulala mjini, au apande matatu alfajiri kwenye barabara ya Nyahururu, na baridi yetu ya asubuhi hakuna asiyeijua. Huku nyumbani ng'ombe analia hajakamuliwa, na mtoto mkubwa hana wa kumvalisha sare. Uchovu na wasiwasi navyo huyazuia maziwa kushuka, nayo maziwa yale ni sehemu ya matibabu.

Nani atamkamua ng'ombe huyo? Swali langu lote ni hilo.

Wauguzi hawaruhusu watu kujazana nasari, na wako sahihi, kwa kuwa mikono yetu hubeba vijidudu. Lakini hakuna askari wa lango aliyewahi kumzuia jirani kulipa nauli, kupeleka sufuria ya githeri au kulala na watoto waliobaki nyumbani. Tukifiwa, kamati huundwa jioni hiyo hiyo na mhazini akapatikana. Mtoto akiwa hai, anahangaika kuvuta pumzi, hatuna kamati. Yaani mchango wetu uko tayari kwa jeneza kuliko kwa nauli?

Nanyi akina baba, msijifiche nyuma ya maneno "mambo ya wanawake". Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, huko Bogotá nchini Colombia, alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapasha joto. Akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Utafiti uliotolewa 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania ulionyesha kwamba kati ya watoto wadogo walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12 kwa kila 100. Waliongojewa kwanza hali itulie, karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri malezi hayo yaanze mara moja. Na kifua cha baba kina joto lile lile. Mwenye kazi ya mshahara amepewa na sheria ya ajira ya 2007 wiki mbili za likizo. Azitumie huko, si kwenye nyumba ya nyama. Mkulima na mwenye pikipiki hawana likizo, lakini hata saa mbili za jioni humpa mama nafasi ya kulala.

Yupo atakayenijibu: tukipeleka zawadi mapema na mtoto akafa, tutakuwa tumemzidishia mama uchungu. Ni kweli, wapo wanaokufa, tena si wachache, wala sitamdanganya mtu. Lakini mama huyo amezaa. Mtoto akiishi siku tisa, aliishi siku tisa, naye alikuwa na jina na majirani. Sijaona uchungu uliopunguzwa kwa kumwacha mtu aubebe peke yake.

Na mtoto akiruhusiwa kurudi Bahati, msimkaribishe kwa jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Moshi usioonekana humuua haraka kuliko baridi. Kofia, soksi na kifua cha mtu vinatosha. Na baba, kila zamu yake ya kumbeba mtoto kifuani ikifika, aoge, akate kucha, asiguse sigara, na avae shati la vifungo vya mbele.